Fischer-Dieskau, Mwimbaji Aliyelitumikia Neno

Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya nyimbo za kanisa, juu ya wimbo wa Gregoriano, na juu ya korali za misioni zetu. Leo tunataka kuwapasha habari za mtu mmoja ambaye hakuwa padri, wala mtawa, wala mwalimu wa dini. Alikuwa mwimbaji tu. Jina lake ni Dietrich Fischer-Dieskau, mtu wa Berlin katika inchi ya Ujerumani. Alizaliwa tarehe 28 ya mwezi wa tano 1925, akafa tarehe 18 ya mwezi wa tano 2012. Wenye kujua muziki wa Ulaya wengi wanasema kwamba katika karne ya ishirini ni vigumu kumpata mwimbaji mwingine aliyeacha nyimbo nyingi hivyo katika sahani za santuri. Lakini si wingi wa nyimbo uliotufanya tushike kalamu. Tumeishika kwa sababu ya namna alivyolitendea neno. Na sisi wenye kusoma Injili mbele ya watu, wenye kuhubiri na kufundisha korali, kazi yetu ni nini isipokuwa neno?

Kwanza tufahamu jina la sauti yake. Sauti za wanaume tunazigawa kwa desturi mafungu matatu: ya juu inaitwa tenori, ya chini kabisa inaitwa basi, na ya kati inaitwa baritono. Wanafunzi wa Kigriki watatambua mara moja yale maneno mawili: barys, maana yake -zito, na tonos, maana yake mlio. Basi ni «mlio mzito», ingawa kwa kweli aliye mzito kupita wote ni yule wa chini yake. Wanaume wengi wamepewa sauti hii ya kati, na labda ndiyo sababu mara nyingi watu hawaistaajabii. Tenori akipanda juu, wote hunyamaza. Basi akishuka chini, wote hucheka kwa furaha. Baritono yeye anaimba pale pale wanaposemea watu. Fischer-Dieskau hakuiona hiyo kuwa hasara. Sauti yake haikuwa kubwa ya kutisha. Ilikuwa nyororo, yenye kung'aa kidogo upande wa juu, na alipotaka iwe ndogo ikawa ndogo kweli, hata watu wa nyuma wakanyoosha shingo. Lakini silabi ziliwafikia zote.

Baba yake alikuwa mkubwa wa shule, mtu wa elimu ya Kigriki na Kilatini. Mama yake pia alikuwa mwalimu. Zamani jina lao lilikuwa Fischer tu. Mwaka wa 1934 baba aliongeza jina la Dieskau, lililotoka katika ukoo wa mama yake mzazi, yaani nyanya ya mtoto. Ukoo ule ulikuwa wa watu wakubwa, na mmoja wao alitungiwa muziki na Johann Sebastian Bach mwenyewe mwaka wa 1742. Mtoto alipofika miaka 12, baba akafa.

Nyumba ile iliteswa kwa namna nyingine tena. Dietrich alikuwa na ndugu yake aitwaye Martin, kilema wa mwili na wa akili. Mnajua jinsi serikali ya Hitler ilivyowahesabu watu wa namna hiyo: kwao walikuwa vinywa vya kula bure. Walimwondoa Martin nyumbani, wakamtia katika nyumba ya wagonjwa, na huko wakamwacha afe kwa njaa. Hatuwezi kuongea juu ya uimbaji wa mtu huyu tukalipita jambo hilo. Baadaye, alipoimba juu ya mtoto anayekufa mikononi mwa baba yake, hakuwa akisimulia mambo ya mbali.

Alianza kujifunza uimbaji kwa mwalimu akiwa na miaka 16. Katika mwezi wa kwanza wa 1943, hajatimiza bado miaka 18, alisimama katika nyumba ya mji ya Zehlendorf, upande mmoja wa Berlin, kuimba Winterreise ya Franz Schubert, maana yake «Safari ya wakati wa baridi». Ni nyimbo 24 zinazofuatana. Siku ile ndege za Waingereza zikaja kutupa mabomu. Wasikiaji, watu kama 200, na mwimbaji pamoja nao, wakashuka chini ya nyumba na kujificha humo zaidi ya masaa mawili. Ndege zilipokwenda zao, walipanda tena, kila mtu akakaa pahali pake, na kijana akaendelea na nyimbo zilizobaki.

Mwaka uleule alichukuliwa uaskari. Walimpeleka Urusi kuangalia farasi wa jeshi, kiisha wakampeleka Italia. Kwao Berlin nyumba ya mama yake iliharibiwa kwa mabomu. Mwaka wa 1945 Wamarekani walimkamata huko Italia, akakaa mfungwa wa vita miaka miwili. Katika kambi za wafungwa aliimba. Wafungwa wenzake, watu walioshindwa, wenye aibu na wasiojua kama wake zao wangali hai, wakamsikiliza. Alirudi kwao mwaka wa 1947, wengine wengi wakiwa wamekwisha kurudi zamani.

Mwaka ule wa 1947 alipata bahati yake, kama tunavyosema, lakini bahati humfaa aliye tayari. Katika mji wa Badenweiler walitaka kuimba Requiem ya Kijerumani ya Johannes Brahms. Baritono aliyepangwa akaugua, wakamwita Fischer-Dieskau, naye akaingia na kuimba bila kujaribu hata mara moja pamoja na wengine. Requiem hii si Misa ya Wafu tunayoijua. Brahms aliyachagua maneno yake mwenyewe katika Biblia ya Kijerumani, wala hakufuata liturujia. Baritono anaimba maneno ya Zaburi ya 39 (katika Vulgata ni ya 38), pale mtu anapomwomba Mungu amjulishe mwisho wake. Na baadaye anaimba fumbo la ufufuko lililo katika Barua ya kwanza kwa Wakorinto. Mbele yake korali inaimba lile neno la Barua kwa Waebrania juu ya mji wa kudumu ambao hatuna hapa chini. Mfikiri neno hilo likiimbwa Ujerumani mwaka wa 1947, Berlin, Hamburg, Dresden na Köln zikiwa chungu za matofali!

Toka hapo alipanda upesi. Mwanzoni mwa 1948 radio ya Berlin ilinasa sauti yake akiimba Winterreise nzima. Mwaka uleule opera ya mji wa Berlin ikamtwaa. Akaanza na mtu aitwaye Posa katika Don Carlos ya Verdi, kiongozi wa muziki akiwa Ferenc Fricsay, Mhungaria. Kwa wasioijua, opera ni mchezo wa kuigiza ambao wachezaji hawasemi bali wanaimba. Mwaka wa 1951 alikuwa Salzburg pamoja na Wilhelm Furtwängler, tena London. Mwaka wa 1954 Bayreuth, penye michezo ya Wagner. Mwaka wa 1955 Marekani. Miji yote hatutaihesabu. Tuje kwenye jambo lililo lake hasa, nalo ni Lied.

Lied ni neno la Kijerumani, maana yake wimbo tu. Lakini katika muziki lina maana ya pekee: shairi lililotungwa na mshairi, kiisha likatiwa muziki kwa mwimbaji mmoja na piano moja. Hakuna mavazi ya mchezo, hakuna mapazia, hakuna korali. Mtu anasimama karibu na piano, mikono yake haina kazi, naye ana dakika tatu au nne za kutuonyesha maisha ya mtu mzima. Schubert wa Vienna alitunga nyimbo zaidi ya 600 za namna hii, naye alikufa mwaka wa 1828 na miaka 31 tu. Katika siku zake za mwisho kitandani alikuwa akisahihisha karatasi za chapa za fungu la pili la Winterreise.

Tutoe mfano mmoja. Goethe ana shairi moja liitwalo Erlkönig, na Schubert alilitia muziki mwaka wa 1815. Baba amempakata mtoto mgonjwa juu ya farasi, usiku, wanakimbia kurudi nyumbani. Mtoto anaona pepo anayemwita kwa maneno matamu. Baba haoni kitu, anasema ni ukungu, ni majani, ni miti. Piano inapiga kwato za farasi toka mwanzo karibu hadi mwisho, hata mkono wa mpigaji unakufa ganzi. Sasa ni nani anayeimba? Mwimbaji ni mmoja, lakini watu ni wanne: msimulizi, baba, mtoto na pepo. Wengine hufanya sauti nne kama mtu wa mchezo wa kuchekesha. Fischer-Dieskau hakufanya hivyo. Baba alimpa sauti ya mtu anayejikaza asionyeshe woga. Pepo alimpa utamu, utamu mwingi kupita kiasi, na utamu ule ndio uliowatisha wasikiaji. Mwishoni farasi anasimama, piano inanyamaza, na habari ya kwamba mtoto amekufa inatolewa karibu kama mtu anayesema tu. Hapo wengi walio na sauti nzuri wanaharibu, maana wanataka kulia pamoja nasi. Yeye aliisema, basi.

Aliwezaje? Alianza na shairi lenyewe. Nani anasema? Anamwambia nani? Ni saa gani? Anaficha nini? Ndipo alipoingia katika muziki, na kutafuta kwa nini mtunzi aliweka noti ndefu hapa na kimya pale. Alisoma sana, yeye mwenyewe aliandika vitabu, kimoja chao, cha mwaka wa 1971, ni juu ya nyimbo za Schubert.

Tena kuna kazi ya kinywa, na hapa wenye korali watege masikio. Vokali zinaichukua sauti, konsonanti zinaikata. Katika Kiswahili chetu karibu kila silabi inaishia katika vokali, kwa hiyo lugha yenyewe inaimba. Kijerumani si hivyo. Wajerumani wanauita wakati wa majani kuanguka Herbst: konsonanti tano, vokali moja tu! Mwimbaji mwenye haraka atazimeza zile konsonanti ili sauti ipite vizuri, na hakuna atakayefahamu neno. Mwingine atazitema moja moja, na wimbo utakuwa kama mahindi yanayokaangwa. Fischer-Dieskau alizitamka zote bila kuukata uzi wa sauti. Pumzi yake ilipita chini ya maneno kama maji yanayochukua majani bila kuyazamisha. Sisi wenye lugha ya vokali, tunapomaliza Injili na watu wa benchi la nyuma wakaulizana tumesema nini, hatuwezi kuisingizia lugha. Tumesikia wasomaji wengi, na sisi wenyewe tumo, wanaoanza fungu kwa nguvu na kuiacha silabi ya mwisho ianguke chini ya altare.

Mtu wa pili katika kazi hii alikuwa mpiga piano. Zamani walimdharau, waliona ni kama mtumishi wa kubeba mizigo ya bwana mwimbaji. Mwingereza Gerald Moore alipigana na dharau ile maisha yake yote, tena kwa ucheshi: kitabu chake cha mwaka wa 1962 alikipa jina la swali, akiuliza kama anapiga kwa nguvu mno. Yeye na Fischer-Dieskau walianza kazi pamoja mwaka wa 1951. Moore aliagana na watu jukwaani London mwaka wa 1967, Fischer-Dieskau akiwa mmoja wa walioimba usiku ule. Lakini mbele ya mashine za kunasa sauti waliendelea, na kati ya 1966 na 1972 walimaliza nyimbo za Schubert zaidi ya 400. Waliziacha zile ambazo mwimbaji aliona zimetungwa kwa kinywa cha mwanamke. Winterreise peke yake aliirudia mara nyingi, na wapiga piano mbalimbali, tangu ujana hadi uzee. Wengine wanauliza faida yake. Sisi tunafikiri ni kama padri anayerudi kila mwaka kwenye Mateso ya Bwana: maneno ni yaleyale, msomaji si yuleyule.

Haifai kumsifu tu kana kwamba hakuna aliyempinga. Wapo waliosema kwamba anafikiri mno, kwamba kila neno analipigia mstari kama mwalimu ubaoni, hata wimbo mwepesi unakosa kupumua. Mfaransa Roland Barthes aliandika makala mwaka wa 1972, ambayo baadhi ya wasomaji wetu wameisoma shuleni, akimlinganisha na Charles Panzéra, baritono wa zamani. Alikubali kwamba Fischer-Dieskau hana kosa katika ufundi. Lakini, alisema, kwake tunasikia mapafu na moyo ukieleza kila kitu, wala hatusikii mwili wenyewe, ulimi, meno na koo, mahali lugha inapozaliwa. Ni neno la kufikiri. Kwa upande wetu tunakubali kwamba katika nyimbo fulani za miaka ya 1970 anaeleza kupita kinachohitajiwa, na pengine anapaza neno moja ghafula mpaka tunashtuka bure. Lakini mwenye kumsikiliza katika nyimbo za 1948, kijana wa miaka 22 aliyetoka kambini, hawezi kusema hasikii mwili. Barthes aliihukumu sauti ile kama iliyotoka shuleni. Alisahau ilipita wapi kwanza.

Sasa tufike Coventry.

Coventry ni mji wa Uingereza. Usiku wa tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja 1940 ndege za Wajerumani ziliupiga kwa mabomu, kanisa kubwa la zamani likaungua, zikabaki kuta. Nyuma ya vita Waingereza hawakuzibomoa zile kuta. Walijenga kanisa jipya kando yake, likabarikiwa katika mwezi wa tano 1962. Kwa sikukuu zile walimwomba Benjamin Britten muziki. Britten alikuwa mtu aliyekataa vita kabisa. Alitwaa Misa ya Wafu ya Kilatini, ileile ya Requiem aeternam, Dies irae na Libera me, na kati ya maneno yake akaingiza mashairi ya Kiingereza ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa juma moja tu mbele ya vita vya kwanza kwisha, mwaka wa 1918. Kilatini kinaimbwa na korali kubwa na mwimbaji mwanamke. Watoto wanaimba kwa mbali kama malaika. Na waimbaji wanaume wawili ndio askari.

Britten alitaka waimbaji watatu wakuu watoke katika mataifa matatu yaliyoumizana: mwanamke Mrusi, Galina Vishnevskaya, tenori Mwingereza, Peter Pears, na baritono Mjerumani. Alimwandikia Fischer-Dieskau. Fikirini, ndugu. Huyu alivaa nguo za jeshi lile. Mabomu ya vita yaliibomoa nyumba ya mama yake. Wajerumani waliliunguza kanisa hili. Sasa anaombwa aje kuimba Misa ya Wafu, kwa Kiingereza, mbele ya watu ambao wengine wao walizika jamaa zao Coventry. Alikubali. Serikali ya Urusi ndiyo iliyomzuia mtu wake, na Heather Harper akachukua nafasi ya Vishnevskaya.

Tarehe 30 ya mwezi wa tano 1962 waliimba. Karibu na mwisho, katika Libera me, muziki mkubwa unaanguka na kimya kinaingia. Askari Mwingereza anajikuta mahali pa giza chini ya ardhi, kati ya waliokufa. Mmoja anainuka na kumtazama kama anayemjua. Huyu wa pili ndiye baritono. Anaeleza juu ya maisha ambayo hakuyaishi, juu ya kweli ambayo hakupata nafasi ya kuisema. Kiisha anajitambulisha: yeye ni yule adui aliyechomwa jana na huyu aliye mbele yake. Haombi kisasi. Anamwalika walale. Hapo watoto na korali wanaingia na In paradisum, wimbo tunaoujua wote, tunaouimba tunapotoa jeneza kanisani. Wale watu wawili wanaendelea kuimba usingizi wao chini ya Kilatini kile.

Ilipokwisha, Fischer-Dieskau hakuweza kusimama vizuri. Alieleza baadaye katika kumbukumbu zake kwamba alikuwa amevunjika kabisa ndani. Rafiki zake waliokufa na mateso ya zamani vilimrudia, na Pears akapata taabu kumtoa pahali pake. Katika mwezi wa kwanza 1963, huko London, muziki uleule ulinaswa kwa santuri, na mara hii Vishnevskaya akapewa ruhusa. Basi wale watatu wakaimba pamoja, kama mtunzi alivyotaka.

Mwaka ule wa 1963 Msalaba Mwekundu ulitimiza miaka 100. Kwa sikukuu hiyo Britten alitunga Cantata misericordium, iliyoimbwa Geneva katika Uswisi tarehe 1 ya mwezi wa tisa. Tunaitaja hasa kwa ajili ya wanaseminari, kwa sababu maneno yake yote ni Kilatini, yaliyoandikwa na mwalimu mmoja wa Cambridge. Ni mfano wa Msamaria mwema. Pears aliimba Msamaria. Fischer-Dieskau aliimba msafiri, yaani yule mtu aliyeangukiwa na wanyang'anyi, anayelala njiani akisikia nyayo za kuhani zikija na kupita, kiisha za Mlawi zikija na kupita. Katika Injili yule mtu hasemi hata neno moja. Hapa yeye ndiye anayelia, na tunaisikia habari nzima toka chini, toka mavumbini. Mhubiri anaweza kujifunza kitu hapo.

Mwisho wa mwaka uleule msiba ulimfikia nyumbani. Mke wake, Irmgard Poppen, mpigaji wa sello, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, alikufa kwa sababu ya uzazi wa mtoto wao wa tatu. Fischer-Dieskau akabaki na watoto wanaume watatu. Mwaka wa 1965 Britten alimtungia nyimbo kwa maneno ya William Blake, nyimbo ngumu, za giza. Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Alioa tena mara mbili na ndoa hizo zikavunjika. Mwaka wa 1977 alimwoa mwimbaji Julia Varady, na wakakaa pamoja hadi kifo chake.

Juu ya opera tutasema machache, ingawa yeye aliimba nyingi. Ukuta wa Berlin ulijengwa katika mwezi wa nane 1961. Katika mwezi wa tisa, tarehe 24, nyumba mpya ya opera ikafunguliwa upande wa magharibi kwa Don Giovanni ya Mozart, naye akawa Don Giovanni mwenyewe. Mwaka wa 1978 huko Munich aliimba Lear ya Aribert Reimann, habari ya mfalme mzee wa Shakespeare anayefukuzwa na watoto wake. Yeye ndiye aliyemsukuma Reimann aitunge. Na mwaka wa 1971 alikwenda Israeli pamoja na mpiga piano Daniel Barenboim, akaimba Lieder huko kwa Kijerumani, lugha ambayo wengi walioketi mbele yake walikuwa wameisikia mara ya mwisho katika vinywa vya walinzi wa kambi.

Katika muziki wa dini aliacha hazina kubwa: kantata nyingi za Bach na Misa katika Si ndogo pamoja na Karl Richter, Requiem ya Fauré, na maneno ya Bwana wetu mwenyewe katika Mateso kufuatana na Matayo, yaliyonaswa London chini ya Otto Klemperer miaka ya 1960 na 1961. Wafransisko watafurahi kusikia kwamba mwaka wa 1985 huko Salzburg, amekwisha kutimiza miaka 60, aliimba Mtakatifu Fransisko katika sehemu za opera ya Olivier Messiaen, Mkatoliki aliyepiga kinanda cha kanisa la Utatu Mtakatifu huko Paris miaka mingi.

Mwisho wa kuimba aliuchagua mwenyewe. Usiku wa tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 1992, huko Munich, aliimba pamoja na wengine mwisho wa Falstaff ya Verdi, pale wote wanapoimba kwamba dunia yote ni mchezo, wakicheka. Kesho yake hakuwa mwimbaji tena. Alifundisha vijana, akaongoza orkestra, akachora picha, akaandika, akasoma mashairi mbele ya watu. Alifia nyumbani kwake Berg, karibu na ziwa la Starnberg katika Bavaria, siku kumi mbele ya kutimiza miaka 87. Walimzika Berlin.

Siku hizi mwenye simu anaweza kumsikia bila santuri. Tukiulizwa tuanzie wapi, tunasema: kwanza Erlkönig pamoja na Gerald Moore, mara mbili au tatu, hata ukikosa kufahamu Kijerumani, kiisha fungu la tatu la Requiem ya Brahms, ukiwa na zaburi yake wazi mbele yako. Na Libera me ya Coventry uisikilize usiku, peke yako, ukiwa na nafasi ya kunyamaza nyuma yake.